Namba Kumi na Saba

Pale maabara waliniita Mkono wa Dhahabu. Jina hilo nilijipa mwenyewe, nikalirudia mpaka wenzangu wakachoka kubisha. Kwa miaka ishirini na miwili nilipima insulini kwenye damu za watu kwa mkono: natia tone moja moja kwenye kisahani chenye vishimo tisini na sita, naosha, nasubiri rangi ya njano ijitokeze. Nilijiona daktari wa upasuaji, ingawa ukiitazama vizuri kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo vidogo.

Ndipo ikaja mashine. Inameza mrija wa damu, inatoa jibu kwa dakika ishirini, na haiombi ruhusa ya kwenda chai. Mkuu wa maabara akatangaza kwamba tutapima sampuli arobaini kwa njia zote mbili. Zikikubaliana, meza yangu inaondolewa.

"Usiogope, kaka," akaniambia.

"Niogope nini, bosi? Sanduku tu hilo."

Niliogopa, tena sana.

Zilitakiwa damu za watu wenye afya, ambao hawajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikawa wa kwanza kukunja shati, nikijiona ndiye mfano wa afya yenyewe. Dada muuguzi akatutoa damu, akabandika namba, majina akayaficha kwenye daftari lake ili asipendelewe mtu.

Mashine ikatangulia kumaliza. Nikayapekua majibu yake kama mama mkwe anayekagua jiko, na kosa nikalipata. Watu thelathini na tisa walikuwa sawa. Namba kumi na saba alikuwa na insulini mara nne ya wenzake. Insulini ikijaa hivyo kabla mtu hajala, maana yake mwili umeanza kuziba masikio: kongosho linapaza sauti, mwili hausikii, na kisukari kiko mlangoni kinapiga hodi.

"Mmeona?" nikapiga makofi. "Watu wazima wa afya wamekuja kwa miguu yao, sanduku linaropoka!"

"Basi mpime kwa mkono," akasema mkuu.

Nikawapima wote, na yeye nikampima mara tatu. Mkono wangu ulikuwa ukitoa majibu ya juu kidogo kuliko mashine kwa kila mtu, lakini kwa mpangilio uleule, na namba kumi na saba akabaki kulekule juu, peke yake. Nikasalimu amri kwa shingo upande. Mdomo ndio uliokataa.

"Huyo ni mlafi," nikasema. "Aitwe, aambiwe apunguze sukari. Lazima ana kitambi cha kuwekea kikombe."

Muuguzi akafungua daftari. Akalitazama, akanitazama.

"Kaka, ni wewe."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimkumbuka baba yangu, aliyekatwa mguu kwa kisukari. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda, kisha narudi kwenye chai yangu ya vijiko vinne.

Muuguzi akanitoa damu nyingine ili tuhakikishe. Mkuu akanivutia kiti kwenye meza yangu, kwa heshima ambayo sikuwa nimeizoea.

"Jipime mwenyewe, kaka. Kwa mkono, mara ya mwisho."

Nikaishika pipeti, kifaa changu cha kutilia matone. Mkono huo ulishanipima mara tatu, na mdomo ukakataa; nikairudisha mezani.

"Tia kwenye mashine," nikasema.