Miezi Mitatu Bila Sukari Nguru

Dada yangu alinizidi miaka kumi na mmoja, na mama yetu alipofariki ni yeye aliyenilea. Kwa hiyo siku muuguzi wa kliniki alipomwambia kwamba sukari yake imepanda sana, nilikaa pale kwenye benchi kama mtoto anayesikia mzazi wake akigombezwa. Muuguzi alimpa vidonge, akamwambia aache sukari kwenye chai, aache soda, apunguze wali. Dada anaishi Ahero na kazi yake ni kuuza mchele kando ya barabara. Alicheka.

"Daktari, si ungeniambia tu niache kupumua."

Tulipofika nje alikuwa hacheki tena. Aliniuliza kama chai bila sukari inaitwa chai kweli. Yeye alikuwa anaweka vijiko vinne.

Ndipo nikasema jambo ambalo wakati ule niliamini ni upendo. "Wewe acha sukari, na mimi naacha sukari nguru. Miezi mitatu, mpaka siku ya kurudi kliniki. Tuone nani atashindwa."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Hata wiki hutamaliza."

Alinijua. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule Mamboleo, na kwa miaka mingi haikupita siku bila kipande cha sukari nguru kando ya cherehani yangu. Nilitaka ile nyeusi, inayonukia moshi, inayotoka kwenye viwanda vidogo vya upande wa mashamba ya miwa. Nilikuwa nakivunja kwa mpini wa mkasi, naweka kidogo mdomoni pamoja na njugu karanga, nakiacha kiyeyuke taratibu huku mguu ukikanyaga cherehani. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Sinywi pombe, na mume sina tena.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma mfululizo. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, nikafumua, nikakosea tena, nikalia. Nilimfokea mteja aliyeleta kitambaa pungufu mpaka akakichukua na kwenda kwa fundi mwingine. Karanga zikakosa ladha, nikaziacha nazo.

Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nampigia dada simu.

"Umegusa?"

"Sijagusa. Na wewe?"

"Sijagusa."

Basi tunacheka, ananihadithia chai yake inavyofanana na maji ya kuoshea vyombo. Jumapili hizo za mwanzo zilikuwa nzuri, na sijui kwa nini hazikunitosha.

Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimeanza kujisikia. Sketi zilinilegea kiunoni. Niliwaeleza akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, wakanisimamisha mbele na kunipigia makofi. Nikiwa mgeni mahali natazama mkono wa kila mtu unavyokwenda kwenye kopo la sukari, na moyoni nawahukumu. Niliamini kwamba nikiweza mimi, yeyote anaweza, na asiyeweza hataki tu.

Mwezi huohuo nilipeleka sare kwenye shule moja karibu na Awasi. Ilikuwa siku ya soko. Nilipokuwa nakatiza katikati ya wauzaji ili nirudi barabarani, nikamwona dada. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mama anayeuza sukari nguru, amenyoosha miguu, anakula. Hakuwa amejificha. Alikuwa anaongea na yule mama na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyepumzika baada ya safari.

Hata sikumsalimia. Nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti, "Kumbe nafunga peke yangu! Kila Jumapili unanidanganya?"

Watu waligeuka. Ningeweza kuishia hapo.

"Mtu mzima na wajukuu, unalamba vidole kama mtoto. Haya, kula. Na ukifa usitusumbue, ujue ulijiua mwenyewe."

Dada alikitupa kile kipande chini. Alijifuta mikono kwenye leso, upande mmoja, kisha upande mwingine, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Nisamehe, mama."

Mimi, niliyebebwa mgongoni na huyu mwanamke, ananiita mama kwa woga mbele ya soko zima. Na mnajua nilihisi nini? Nilihisi nimeshinda. Niliondoka bila kumuaga.

Baada ya siku hiyo simu zetu zilibadilika. Nikimtaka anisomee namba za mashine yake ya kupimia sukari, ananisomea. Nikiuliza alichokula, ananijibu mboga, ugali kidogo, samaki. Hakuhadithia tena chochote. Akimaliza kujibu anangoja nimruhusu akate.

Mvua ilipozidi, maji yaliingia Ahero, na dada akahamia na mkaza mwana wake kwenye darasa la shule iliyoko sehemu ya juu kidogo. Nilipopiga simu alisema wako salama. Siku ya kliniki ilipofika alisema barabara haipitiki, akakosa kwenda. Miezi mitatu yangu ilitimia wiki hiyohiyo. Nilimwambia, nakumbuka vizuri, "Mimi nimemaliza."

Akasema, "Hongera."

Siku nane baadaye mkaza mwana alinipigia mchana nikiwa kazini. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. "Mama mdogo, njoo. Amenikataza nisikuambie, lakini mguu wake unanuka."

Nilimkuta dada ameketi kwenye godoro lililowekwa juu ya madawati, mguu wa kulia ameufunga kwa leso, na juu ya leso mfuko wa plastiki. Alikuwa amerudi nyumbani kupitia kwenye maji kuokoa magunia ya mchele na akakanyaga bati. Hakusikia maumivu, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi miezi mingi nyuma. Hilo nalo sikulijua. Aliona damu tu alipofika pakavu. Hiyo ilikuwa karibu wiki tatu nyuma.

"Wiki tatu! Na kila Jumapili tunaongea! Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama ukutani. "Ungeniuliza nimekula nini."

Mkaza mwana alitoka nje.

Hospitalini Kisumu walimkata mguu chini ya goti, na siku kumi baadaye wakakata tena, juu ya goti. Nilikuwa naye siku zote hizo, namgeuza, namfulia, namshika kichwa akitapika. Hakunilaumu hata mara moja. Daktari alipomuuliza kilichomchelewesha, alisema ni mafuriko.

Alipokaribia kuruhusiwa nilimwambia nimemtayarishia chumba Mamboleo, karibu na hospitali, hakuna matope.

"Asante. Lakini kwako nitaogopa," akasema. Akarudi Ahero.

Sasa mkaza mwana ndiye anayemdunga sindano za insulini alizoanzishwa hospitalini, na kumpima. Nimewasikia wakiongea. Dada anamwambia kila kitu, leo nimekula mandazi moja, jana nilionja soda ya mtoto, na yule msichana anasema sawa, basi jioni tupunguze ugali. Wanaendelea na mengine. Mimi nikiingia, mazungumzo yanasimama, naletewa kiti kizuri.

Akina mama wa kanisani bado wananitaja kama mfano. Sukari nguru sijaila mpaka leo. Si nguvu. Nikiinusa tu sokoni, navuka barabara.

Naenda Ahero kila Jumamosi. Kazi moja niliyoachiwa ni mguu wa kushoto. Nauosha kwa maji ya vuguvugu, naukausha, naangalia katikati ya vidole na chini ya kisigino kama muuguzi alivyotufundisha. Jumamosi iliyopita niliona wekundu kidogo kando ya kidole cha mwisho. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, mikono ameikunja mapajani, anangoja.

"Pamebadilika rangi hapa," nikasema. "Jumatatu tutaenda wote paangaliwe."

"Sawa," akasema.

Sikumuuliza amekula nini. Nikaendelea kumkausha.