Pembe Nne za Chumba

"Labda ni mikono," aliniambia muuzaji wa duka la picha pale Magongo. "Mama anayenyonyesha hutetemeka. Kioo cha lenzi hakina kosa."

Ilikuwa safari yangu ya nne. Mwanangu wa miezi saba alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa leso, amelala. Safari zote za mwanzo nilimsalimia bwana yule kwa adabu, nikangoja, nikarudi nyumbani vilevile. Lakini aliponitajia kunyonyesha mbele ya wanaume watatu waliokuja kupiga picha za pasipoti, subira ilikwisha. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka vikopo vya filamu vikaruka.

"Mikono hii imepiga picha za harusi kumi na moja," nikamwambia. "Haijawahi kutia weusi hata kwenye ukucha wa bi harusi. Weusi umetoka kwako."

Mtoto hata hakuamka.

Miaka ile ya tisini mwanzoni nilikuwa mpiga picha wa wanawake. Huku kwetu Changamwe, siku ya kupamba, bi harusi huketi kichwa wazi, maua nyweleni, hina mpaka kwenye mashavu ya miguu, na mwanamume hapiti mlangoni. Kwa hiyo kazi ikanijia mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kupata kamera ya kununua kwa mtu. Taabu yangu ilikuwa vyumba. Chumba cha mtaani kwetu Chaani ni kitanda, kabati, na siku hiyo wanawake ishirini. Lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa na jicho jembamba: nikipata uso, hina imekatika; nikimpata somo wake aliyemfunda, shangazi hayupo. Nilikuwa narudi nyuma mpaka mgongo unagonga kabati, na kabati haliendi popote.

Ndipo nikaenda kutafuta lenzi pana. Muuzaji alinitolea tatu. Ya kwanza mpya, safi, ya watu wenye zao. Ya pili pana kupita kiasi, lakini aliyekaa pembeni hutoka na kichwa kama papai, na nani atanilipa kwa shangazi mwenye kichwa cha papai?

"Basi jaribu hii, dada," akasema. "Imetumika lakini nzima. Yavuta, yatanua."

Nikatazama. Wallahi duka lilifunguka kama mtu kalifungua vifungo. Niliona miimo yote miwili ya mlango, wauza viazi karai nje, dari, na chini kabisa ncha za ndara zangu mwenyewe. Nikazungusha pete ya lenzi polepole. Ukuta ukaja, ukaenda. Ukaja, ukaenda. Nilikumbuka utotoni, nikiwa na homa, nimelala kitandani mchana, chumba kikijiondokea kimya kimya na sauti ya mama ikitoka mbali kama ng'ambo ya maji. Nilisimama pale sijui muda gani. Niliwaona wanawake wote wa Changamwe wameenea ndani ya kioo kile, hakuna aliyeambiwa asogee.

Nikalipa kidogo kidogo, mpaka siku ya kumaliza akanikabidhi imefungwa kwa gazeti. Nikaenda nayo moja kwa moja harusini. Kwenye jicho la kamera kila kitu kilikuwa sawa. Sikujua bado kwamba jicho lile huficha kingo kidogo, na filamu haifichi kitu.

Picha ziliposafishwa, kila moja ilikuwa na weusi pembe zote nne, kana kwamba nimepiga nikiwa ndani ya kisima. Shangazi wa bi harusi, aliyeketi karibu na ukuta, alikuwa amebaki kidevu.

"Mwanangu, mbona umenitia gizani? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, shangazi."

"Basi nirudishe."

Watu wakacheka. Mama wa bi harusi hakucheka. Alikuwa na binti mwingine wa kuoza mwisho wa mwezi wa Shaabani. "Usipokuwa na kifaa cha maana," akaniambia, "nitatafuta mwingine." Na mwanamke akikuacha mmoja, mtaa mzima unakuacha.

Nyumbani niliichunguza. Mbele palikuwa na pete. Nikaizungusha, kioo kikabanduka kama kifuniko cha kopo. Chini yake lenzi ya kawaida kabisa; upana wote ulikuwa wa kioo cha kubandika, na ukingo wake ndio uliokula pembe. Alinionyesha moja, akanifungia nyingine.

Nilipomrudia muuzaji mara ya kwanza alinipa kesho, na mara ya pili akadai ushahidi: "Lete picha nione." Sasa nitaweka vipi wanawake wa watu, vichwa wazi, juu ya meza ya wanaume? Nilichukua mkasi, nikakata pembe za picha nne, nikampelekea pembe tu. Akazimwaga kiganjani.

"Mama, umeniletea giza. Giza nalo lina uso?"

Safari iliyofuata ndiyo ile ya mikono.

Siku hiyo sikupiga kelele zaidi. Nilirudi Chaani, nikamwacha mtoto atambae chumbani, nikasimama mlangoni. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka mkekani, vumbi likielea, pazia likivuta pumzi. Nilipiga picha ya kioo kikiwepo, na ya pili kikiwa kimeondolewa. Zilipokwisha kusafishwa nikaenda ofisi ya serikali inayosimamia biashara na karatasi hii, karani akaigonga muhuri:

*Bwana,*

*MINTARAFU: LENZI NILIYOONYESHWA NA LENZI NILIYOPEWA*

*Mimi ni mkazi wa Chaani, mpiga picha wa harusi za wanawake. Nilichagua lenzi, nikailipia yote, nikafungiwa nyingine iliyobandikwa kioo mbele. Naambatanisha picha mbili za chumba changu. Kwenye ya kwanza mtaona pembe zimeliwa. Unyayo wa mtoto uliokatika chini kushoto ni wa mwanangu. Mguu wake ni mzima. Picha za harusi sitazileta, na naomba msinidai. Fedha sizitaki. Naitaka lenzi ileile niliyotazama nayo dukani, kabla Shaabani haijaisha, kwa kuwa yuko mama mtu mzima atakayeketi tena pembeni nami nimeombwa nimrudishe. Muuzaji anasema mikono yangu hutetemeka. Tafadhali tazameni mwandiko huu.*