Picha Iliyoombewa

Ukimsalimia Mwalimu Débora wiki hii, jiandae kusikia matusi kuhusu simu. Tangu Jumatatu binti yake Chloé, wa miaka kumi na mitano, hali, haendi shule, amejifungia chumbani. Débora amewaka moto kwelikweli.

Chanzo ni picha. Jumapili kuna mjinga mmoja alimpiga Chloé picha akiimba kwenye kwaya, mdomo wazi, akakibandika kichwa kwenye mwili wa chura na kuisambaza kwa WhatsApp. Chloé alimwonyesha mama yake peke yake. "Mama, usiambie muntu," alisema, kisha akala ugali wake, bukari ya siku zote.

Débora hakumwambia mtu, aliwaambia bamama ba maombi. Ndiye anayewaongoza pale kanisani Methodisti, na kundi lao la simu lina wamama sitini. Mgonjwa, msiba, mtoto aliyekengeuka, vyote huwekwa humo viombewe. Akaiweka na picha yenyewe, wauone uzito wa jambo: "Tumuombee Chloé wangu." Amina zikamiminika.

Kufika Alhamisi, mji mzima wa Kamina unacheka, hadi wauza samaki sokoni. Débora akasikia kwamba aliyeitengeneza ni Guylain, mtoto wa mitaa ya nyuma ya stesheni. Akakaza kitenge kiunoni, akaenda. Alimkuta anafua shati uani, na mkono wa mwalimu ukainuka kabla ya salamu.

"Unisamehe, mama mwalimu," Guylain alisema, akirudi nyuma. "Nilikosa. Lakini minyi nilitumia bantu batatu tu, na nilifuta siku ile ile. Iyi yenye kutembea iko na jina yako."

Akaleta simu ya shangazi yake. Picha ilikuwa hapo, na juu yake maneno ya Débora: Tumuombee Chloé wangu. Shangazi ameituma kwa ndugu wa mji wa Bukama, wa Bukama wameituma hadi Kinkondja, kote wanaomba.

Mkono ulishuka. Njia nzima alijitukana. Mwalimu mzima, miaka ishirini anafundisha watoto wa wenzake kufikiri, na wa kwake mwenyewe amemvua nguo mbele ya watu. Hasira aliyokuwa anaugawia mji mzima sasa ilikuwa yake peke yake.

Akasimama kwenye mlango wa chumba. "Chloé, ni minyi nilituma ile picha."

Sauti ikatoka ndani.

"Najua, mama. Bijou wa darasa letu alinionyesha Jumatatu. Nilikuwa nangojea useme."

Débora akangoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa.