Mkono wa Gauni

Ko! Mlio wa nyundo ya dalali juu ya meza ndio uliobaki masikioni mwa Mama Pindo. Nyundo ilipogonga, nyumba ya vyumba viwili na kibaraza ikawa yake, naye akalipa robo ya bei papo hapo, jasho la miaka kumi na tisa ya kukanyaga cherehani.

Nyumba ile aliikagua kama anavyokagua gauni, nje na ndani. Aligonga kuta, akafungua mabomba. Hati tu ndiyo hakuigeuza. Alipokwenda kuiandikisha, karani wa ardhi alimwonyesha majina mawili: la mdaiwa aliyeiweka nyumba rehani benki, na la dada wa mdaiwa huyo. Dada hakuwahi kutia saini rehani, wala hakuwa na mpango wa kuhama.

Alidai arudishiwe fedha zake, lakini miezi minne dalali alimzungusha kama pia. Leo bosi kasafiri, kesho faili liko benki. Mumewe alimsihi aachane nayo, mwenye nguvu mpishe. Akajibiwa kwamba basi apishe yeye, maana amesimama njiani.

Wiki iliyopita dalali alichoka kudanganya, akaanza kukejeli.

"Mama, mnadani kitu hununuliwa kilivyo. Nani alikwambia hati ni safi? Au uliota?"

Mama Pindo alirudi kazini akavunja sindano mbili kwa hasira. Akafungua furushi la vipande vya magazeti anavyovikata kwa vipimo vya nguo za wateja, atafute mkono wa gauni la mteja mnene. Akauona. Ulikuwa umekatwa kwenye tangazo lenyewe la mnada, alilolisoma, kisha akalikata bila kufikiri, kama anavyokata magazeti yote.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya dalali.

"Leo umeniletea suti?" dalali akacheka.

Mama Pindo akautandaza mkono wa karatasi mezani. Chini ya mpindo wa kwapa lilisomeka jina la ofisi ile ile, na maneno: hati safi, haina mgogoro. Mkasi ulikuwa umepita unywele mmoja pembeni mwa maneno hayo.

Kicheko kikamfia dalali mdomoni. Akanyoosha mkono kuichukua karatasi. Mama Pindo akaibana kwa kiganja. Dalali akakohoa, akasema amana, ile robo ya bei, itarudishwa, aje Ijumaa kuchukua hundi.

Mama Pindo akavuta kiti, akaketi, akatoa miwani yake ya kazi na kuivaa.

"Ijumaa nina wateja, mwanangu," alisema taratibu, kwa sauti ya chini mno. "Andika sasa."