Kikapu Nilichoanziwa

Nakumbuka asubuhi moja kule Iringa, nikiwa msichana mwenye kiburi na meno yote kinywani, shangazi wawili wa mchumba wangu walikuja kunitazama. Sura hawakuitazama. Walinitupia miguuni fungu la milulu, yale majani tunayosukia vikapu. "Haya binti, anza kikapu tuone."

Mwanangu, ndani nilikuwa na vikapu tisa vya kupendeza. Lakini kitako, pale kazi inapoanzia, nilikuwa naanziwa na dada yangu. Mimi nilijua kupandisha ubavu tu. Niliyazungusha majani yale mpaka yakakatika, nikakiri kuwa dada ndiye huniazia. Shangazi mmoja akacheka, "Kumbe tungemposa dada mtu!" Uchumba ukafia hapo. Bibi yangu hakunichapa. Alisema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akaingia ndani. Bora angenichapa.

Sasa sikia ubaya wangu. Mjukuu wangu Sekela aliingia chuo kikuu hapa Mbeya, kusoma kemia. Soko zima la Uyole lilijua. Nani alinunua viazi kwangu bila kuambiwa? Likizo alikaa jikoni na simu, anachati na ile mashine ya akili bandia. Mashine inamsifu, "Vizuri sana, Sekela, endelea!" Ilimpa moyo, hilo silikatai, maana mwanzoni kemia ilimliza. Siku moja akanisomea ilichomwuliza: "Nikuulize maswali ujipime, au nikupe jibu?"

"Bibi, nani ana muda wa maswali?"

Nami, mimi niliyeaibishwa na milulu, nikacheka. "Chukua jibu, mama, uje ule."

Mtihani wa maabara ukafika. Simu zikabaki mlangoni. Mwalimu akampa chupa mbili za dawa na bomba la kioo, akamwambia, anza. Sekela akasimama tu. Akapewa nafasi ya kurudia, akasimama tena. Akadisko, ndivyo wanavyosema wakiondolewa chuoni. Leo anapanga viazi pembeni yangu, hanisemeshi, na wateja niliowatambia wanauliza, "Bibi, mkemia wako huyu?" Mdomo wangu wote ule, nainama kupima viazi.

Mwanangu unayekwenda chuo, mashine hiyo itumie. Ikuulize, ikukosoe, ikutie moyo ukichoka. Lakini kitako anza mwenyewe, hata kikipinda. Ikikupa jibu, lifumue, weka simu chini, ulisuke upya kwa mkono wako. Sifa usiyoitolea jasho, iteme. Na bibi yako akikuita ule kabla hujaelewa, mwache aite. Ugali ukipoa unapashwa. Sekela wangu simpashi tena.

Mungu aibariki mikono yako, siku utakapoambiwa anza, ijue pa kuanzia. Amfungulie Sekela mlango mwingine. Nami aniweke hai mpaka aniite bibi tena.