Karani Hemedy na Gunia Lililoshonwa

Hemedy wa Narung'ombe ni karani wa mzani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kilo za kila mkulima wa kata nzima anazo kichwani, ila ukimuuliza bintiye alimaliza shule mwaka gani, atakuna kidevu. Si kwamba hampendi. Anampenda sana, na amekwisha kumwambia hivyo kwa ujumbe wa sauti, yeye akiwa barazani na binti akiwa jikoni.

Simu ile! Yumo kwenye makundi kumi na moja ya WhatsApp, likiwemo la wakulima, la mashabiki wa mpira wa Namungo, la ukoo, na la wale waliojitoa kwa hasira kwenye kundi la ukoo. Bintiye Hafidha akimsogelea na neno, Hemedy huinua kidole bila kuinua macho. "Subiri kidogo, mwanangu." Wiki hiyo binti alikuwa na neno moja tu. Jumatatu alikuwa anakwenda Nachingwea kuanza chuo cha uuguzi, mtu wa kwanza wa nyumba ile kuvuka kidato cha nne, na alitaka baba yake amsindikize. Aliuliza mara tatu. Alisubiri kidogo mara tatu.

Alhamisi Hemedy akaona video. Mshauri mmoja wa Dar, mwenye suti ya kubana, alikuwa anasema simu zinaua familia. Hemedy aliitazama mara mbili, akaisambaza kwenye makundi yote kumi na moja, kisha akaita kikao.

"Kuanzia leo, alasiri mpaka isha, simu chini! Tukae kama familia. Nyie watu mmezidi!"

Mwanaima, mkewe, ambaye hajawahi kumiliki simu, aligeuka nyuma kuona nani anaambiwa.

Jioni hiyo wakakaa mkekani. Hemedy aliwahutubia juu ya umuhimu wa mazungumzo mpaka ikawa hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza. Mara nne aliinuka kwenda kumwangalia mbuzi, na mara zote nne alirudi anajua matokeo ya mpira.

"Baba Hafidha," akauliza Mwanaima, "huyo mbuzi naye ana bando?"

Aibu ikamshika. Ijumaa, kuonyesha kwamba yeye si mtu wa mchezo, alizitia simu zote mbili, yake na ya Hafidha, ndani ya gunia lililojaa korosho, akachukua shazia na kamba, akalishona mdomo kwa mshono wake wa kikarani. Na jioni ile, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Walibangua korosho za kuchoma, vidole vikawa vyeusi, Hafidha akamwigiza mwalimu wake wa hesabu anavyopiga chafya, na Hemedy akacheka mpaka akafuta machozi. "Jumatatu nakusindikiza mpaka mlangoni pa chuo," akasema. Hakuna aliyemlazimisha.

Asubuhi ya Jumamosi trekta la kukusanya mazao likafika nyumbani. Huku kwetu gunia lililoshonwa halina maswali, ni la kupeleka, na mikono ya Hemedy imelijua hilo miaka kumi na saba. "Yaliyoshonwa yote, pakieni!" akapaza sauti. Akaenda nayo mpaka ghalani kwa chama, akayapima mwenyewe, akayapanga katikati ya mia nne yanayofanana nayo. Alikumbuka alipopapasa mfuko wa shati.

Jumamosi na Jumapili karani wetu alishinda ghalani, akiazima simu ya Bernardo, mlinzi, kujipigia namba yake mwenyewe, huku sikio lake limebanwa kwenye magunia. Haipatikani. Nyumbani Mwanaima na Hafidha walipika, wakasukana, wakafunga sanduku, na vicheko vyao vilisikika barabarani. Alikuja kula, akanung'unika, akarudi ghalani.

Jumatatu saa mbili gunia likapatikana. Alilifumua kwa meno. Simu zote mbili zilikuwa zimeishiwa chaji.

"Karani," akasema Bernardo, "si binti yako anaondoka saa tatu? Na nyumba yako si ile pale?"

Kweli, paa lilionekana.

"Subiri kidogo," akasema Hemedy, akazichomeka simu zote mbili ukutani na kuziwasha. Yake ilipowaka alikuta ujumbe mia sita na kumi na mbili. Kwenye kundi la ukoo kuna mtu alikuwa amemtukana shangazi tangu Jumamosi, na jambo kama hilo halingoji. Alisoma. Akajibu.

Saa tatu na robo bodaboda ilipita barabarani, sanduku la bati limefungwa nyuma. Bernardo akainua mkono kuaga. Hemedy akaruka kutoka kwenye kiti, na badala ya kukimbia akafanya alilozoea: akampigia bintiye.

Simu ikaita. Iliita karibu kabisa, pale pale ukutani. Akaichomoa. Kwenye kioo lilikuwa linawaka jina ambalo Hafidha alimhifadhia baba yake: Baba Subiri Kidogo.

Aliiacha iite mpaka ikakata yenyewe.