Mama Tochi Afungua Injini

Madereva wenzake walimwita Mama Tochi kwa sababu kila asubuhi, kabla hajawasha gari, ungemkuta amelala chali chini ya trela, tochi mdomoni, akikagua breki na kugusa nati moja baada ya nyingine. Lori lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua likiwa limechoka, kampuni iliyokuwa nalo imeshalikatia tamaa, na kwa miaka kumi na miwili akalibembeleza likabeba saruji, mabomba na unga. Malori mapya yalimpita kwa mbwembwe, kisha akayakuta mbele yameegeshwa pembeni, kabini zimeinuliwa.

Siku moja akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya injini.

"Liuze vipande vipande," walimshauri kwenye maegesho. "Hiyo injini imekula chumvi nyingi."

Mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kazi mbele ya nyumba, hakusema auze wala asiuze. Alimtazama mkewe akilizunguka lori uani mara tatu, akavua futi yake ya kupimia shingoni, akasema, "Mke wangu, mwite Mjomba."

Mjomba huyo, kaka wa mama mzazi wa Mama Tochi, alikuwa fundi mkuu wa karakana ya malori kwa miaka thelathini na minne. Alistaafu mikono ilipoanza kutetemeka, na tangu hapo hakuna aliyemwona na spana. Alifika kesho yake amevaa ovaroli iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Liko wapi?"

Maji ya kunywa aliyoletewa aliyaacha kwenye stuli. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akaagiza kabini iinamishwe mbele, akachukua spana kuanza na boliti ya kwanza. Spana ikacheza mkononi mwake, ikamponyoka, ikagonga sakafu ya zege. Akaiokota. Ikaanguka tena. Fundi cherehani akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mjomba," Mama Tochi akasema taratibu, "wewe sema, mimi nifanye."

Mzee aliiacha spana pale chini. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Haya. Boliti hiyo usiianze. Anza na ya katikati kushoto."

Wiki tatu walifanya kazi hivyo. Mume alishona turubai la kuwakinga vumbi, akakata vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na kwa chaki yake ya kuchorea nguo akaandika namba kwenye kila kifaa kilichotoka. "Nimepima viuno vya kila namna," alisema akiwa amepiga magoti kando ya pistoni sita, "lakini mteja mwenye viuno sita ndiyo kwanza namwona." Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Walipotoa ile mirija sita ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, kosa likaonekana. Kwenye mrija wa tano, ringi ya mpira, nyembamba kama kamba ya kiatu, ilikuwa imekauka na kupasuka. Mama Tochi aliiweka kiganjani. Miaka yote ile, milimani na jangwani, kitu hicho kidogo ndicho kilichosimama kati ya maji na oili, na hakuna aliyewahi kukishukuru.

"Maskini, we!" alinong'ona, asijue hata anaongea na nani.

"Hujaona bado," Mjomba akamwambia. "Shusha tochi ndani ya huo mrija. Unaona nini?"

Akainama. Ukutani mwa chuma kulikuwa na mistari midogo iliyokatana, mamia kwa mamia, ikimeremeta.

"Nani kaichora?"

"Kiwandani, siku ulipotengenezwa. Oili hujificha humo. Magari ya wazembe hufutika mistari hiyo mapema sana. Yako ipo." Akaisogeza ndoo yake karibu. "Mwanangu, nimefungua injini zisizo na idadi. Ya umri huu yenye mistari hii sijaiona."

Mama Tochi akajifuta jasho kwa mkono, akabaki na oili kwenye paji la uso. Alikuwa akibadilisha oili kwa wakati kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa. Hakujua kwamba huku ndani, gizani, kitu kilikuwa kinatunza kumbukumbu.

Wakanunua ringi mpya za mirija yote sita, kisha wakaweka beringi mpya chini ya mhimili mkuu, ule wenye uzito wa watu wawili, unaogeuzwa na pistoni zote. Mjomba alitaja nguvu ya kukazia, Mama Tochi akakaza, mume akatia alama ya chaki. Boliti ya mwisho ilipokazwa, mzee akasema, "Sukuma kwa mkono mmoja."

"Halitaweza kuzunguka, Mjomba. Dude zito hilo!"

"Sukuma."

Akaweka kiganja, akasukuma. Dude lote lile likageuka kimya, laini, likaendelea kidogo hata baada ya mkono kuondoka. Akaurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa kitu chenye uhai.

"Ukiwa barabarani," Mjomba akasema, "hilo huzunguka mara ishirini na tano kila sekunde. Na haligusi chuma. Linaelea juu ya oili nyembamba kuliko unywele."

"Kwa hiyo miaka kumi na miwili nimekuwa naendesha kitu kinachoelea?"

"Ndiyo hivyo."

Siku ya kuwasha, injini iliguna ikakataa. Mama Tochi akataka kujaribu tena; Mjomba akainua mkono. "Kuna hewa kwenye dizeli. Pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe." Akapampu mpaka bega likauma. Alipozungusha tena ufunguo, injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma, ikatulia. Mshale wa oili ukapanda. Mzee aliweka kiganja juu ya injini, na hapo hukuweza kujua kinachotetemeka ni kipi. Alikiacha hapo muda mrefu.

Safari ya kwanza ilikuwa na mzigo wa mabomba. Kabla ya kuondoka Mjomba alijikuna shingo, akauliza kama kiti cha pili kina mtu.

"Wewe, Mjomba? Unakwenda wapi?"

"Sijui. Popote." Akatazama pembeni. "Nimetengeneza malori maisha yangu yote. Yalipotoka getini, sikuwahi kujua yanakwenda wapi. Sijawahi kupanda hata moja likiwa na mzigo."

Walifika kwenye mlima mkubwa kabla ya saa sita mchana. Mama Tochi akashusha gia, akashusha tena, na lori likaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, tani kwa tani, kona baada ya kona. Chini yao mashamba yakawa viraka, mto ukawa uzi. Mjomba alishusha kioo, akatoa kichwa nje, upepo ukampuliza ndevu. Kileleni akakirudisha ndani.

"Simamisha," akasema.

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Nataka kuona lilikotoka."

Wakashuka wote wawili, wakasimama ukingoni wakiitazama barabara yote waliyoipanda.